Usiunge Kwanza

Mtoto wa jirani aliingia bila hodi, kama kawaida yake, akanikuta nimeinama juu ya kitanda na pini mdomoni. Godoro nilikuwa nimelivua shuka nikatandika taulo, na juu ya taulo kulikuwa na vipande vitano vya rangi ya kiini cha yai, vibichi, kila kimoja kimechomwa pini pembeni kote mithili ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Akavikagua kimoja kimoja. Ana miaka sita, na hapa mtaani kwetu Isevya hakuna kinachompita.

"Anti, hii nguo ya nani?"

"Ya mtoto wa mdogo wangu."

"Mbona mmeikata?"

Nikamwambia haijakatwa, haijaungwa tu. Akawaza kidogo.

"Sasa si uiunge?"

Nikatoa pini mdomoni ili nimjibu, nikakosa la kumwambia. Nikamchotea karanga, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, wiki tatu zilizopita. Yeye aliondoka, swali lake likabaki.

## Daftari la mama

Sweta la mtoto la vifungo, kwa njia ya nyumbani kwetu, ni mgongo, vifua viwili na mikono miwili. Kofia ndiyo kipande cha sita. Najua siku hizi kuna njia ya kufuma sweta zima kuanzia shingoni kushuka chini, kwa sindano zilizounganishwa na waya, na ukimaliza umemaliza, hakuna mshono. Wanaoifuata wanaisifu sana. Mimi nimefundishwa na mama, naye mama alifundishwa darasani, kwenye sayansi kimu, enzi ambazo sweta la mwanasesere lilisahihishwa kwa kalamu nyekundu kama hesabu.

Daftari lake bado tunalo. Kurasa zimeiva rangi ya chai ya rangi. "Mgongo: vitanzi 50. Lastiki safu 12, sindano namba 10. Hamia namba 8." Mama haandiki zaidi ya hapo. Mengine yote, anasema, yako mkononi.

Mkono wangu mimi ulianzia kwenye spoki za baiskeli. Sindano za kweli zilikuwa zake na hazikuguswa, kwa hiyo sisi watoto tulisugua ncha za spoki kwenye sakafu ya saruji mpaka ziache kukwaruza, tukafumia nyuzi za magunia. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kitambaa kilichotoka kilikuwa kigumu kama kandambili.

Mwezi wa tatu, mdogo wangu alipotupigia kutoka Kasulu kutuambia ni mjamzito na miezi mitano imefika, mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia nilete daftari.

Nilinunua uzi wa akriliki, maana sufu halisi hapa Tabora utaitafuta mpaka uzeeke, nikachagua njano ili awe wa kike au wa kiume isiwe hoja. Mgongo ulikwenda vizuri. Kifua cha kulia kilikwenda vizuri. Kisha sindano moja ya mama ikapotea. (Ilikuja kuonekana baadaye jikoni, kuna mtu aliitumia kutobolea kopo la maziwa, na mpaka leo hakuna aliyekiri.) Nikakumbuka nina sindano nilizoletewa na rafiki kutoka Marekani. Nikatafuta iliyoandikwa 8, nikaendelea na kifua cha kushoto bila wasiwasi.

Nilipokimaliza nikakilaza juu ya mwenzake. Kile cha kulia kilikuwa na sentimita 11, hiki 13 na kitu. Vitanzi ni vilevile 24. Nikadhani mkono wangu umelegea, kwamba siku zile nilikuwa na usingizi, kwamba pengine mawazo nayo yanaingia kwenye uzi. Nilijitafutia sababu nyingi za moyoni kabla sijatafuta rula.

Kumbe namba 8 ya daftari la mama ni ya Kiingereza, na hiyo ni milimita 4. Namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5. Na zinakwenda kinyume kabisa: kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda, kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa. Namba 10 ya mama ni milimita 3.25. Ya Marekani ni 6, karibu mara mbili.

Nikafumua.

Kati ya kufuma na kufumua ni silabi moja tu, ila ya kwanza ilinila jioni nne na ya pili ikala dakika kumi.

## Beseni

Nilipokamilisha vile vitano niliviweka mapajani pa mama. Akavigeuza, akavuta lastiki, akanusa (sijui kwa nini wazee hunusa vitu vya kufumwa), akasema ni vizuri. Kisha akasema:

"Usiunge kwanza."

Sikuuliza kwa nini. Msomaji wangu naye haulizi, maana hata kwenu mambo ni hayo hayo. Nguo za mtoto hazinunuliwi mapema. Zikinunuliwa hazitajwi. Zikitajwa, unasema "kuna vitambaa vitambaa nimeweka". Kila nyumba ina namna yake ya kutolitazama tumbo usoni.

Lakini kwetu hata hayo yalikuwa na mwaka wake. Miaka miwili nyuma mdogo wangu alijiandaa waziwazi. Alinunua nepi, shali, mafuta, vesti sita, na beseni la pinki la kumwogeshea mtoto. Mimba ilifika mwezi wa nane. Mama ndiye aliyekwenda Kasulu kumwuguza, na aliporudi alikuwa amebeba lile beseni, kwa sababu mwenyewe alimwambia liondoke ndani ya nyumba yake. Likapandishwa juu ya kabati. Karatasi ya bei bado imebandikwa chini yake. Mwaka jana maji yalikatika siku tisa, tukajaza ndoo, sufuria, madumu, mpaka jagi la wageni. Beseni hakuna aliyelitaja, na sote tulikuwa tunaliona.

Kwa hiyo "usiunge kwanza" niliipokea kwa shukrani. Nasema kweli, ilikuwa nafuu. Vipande vitano si sweta. Ukiviweka kwenye mfuko wa nailoni ni matambara tu ya njano, havimngoji mtu. Hata shingo haipo: ukosi haufumwi mpaka mabega yameungwa, kwa hiyo vile vitanzi vya nyuma ya shingo nilivitia kwenye pini kubwa ya nepi vikae humo, wazi, havijafungwa.

Kofia tu ndiyo niliimaliza nikaishona. Kofia haina vipande, nilijiambia. Na kofia hata mtu mzima huvaa.

## Vitanzi 56

Simu ilikuja mwezi wa sita, usiku, wiki ya 33. Shemeji alikuwa anaongea taratibu mno, kama mtu anayesoma. Mtoto amezaliwa. Wa kike. Anapumua. Kilo moja na gramu 800. Wamesema aletewe kofia.

Mtoto njiti. Neno hilo mama halipendi, anasema mtoto wa mtu si kiberiti.

Siku ya treni ya Kigoma nilipanda na mfuko wangu. Kabla haijaondoka nikaitoa ile kofia nikaivika kwenye ngumi. Niliifuma kwa vitanzi 72, kwa kichwa cha mtoto aliyetimiza siku zake, sentimita 35 hivi. Ikameza ngumi yote na kifundo cha mkono. Nikaitafuta ile ncha niliyoifunga, nikaikata kwa meno, nikavuta.

Uzi uliofumuliwa haunyooki upesi, unabaki na mawimbi kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Nikauzungusha kwenye bonge jipya, nikaanza: vitanzi 56, viwili mbele, viwili nyuma. Reli yetu hii Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwendo naona ni wa tangu wakati huo. Kwa mara ya kwanza maishani sikuulalamikia. Zipo kama kilomita 400, na nilihitaji kila moja.

Mzee mmoja aliyepandia Urambo alikaa mbele yangu. Aliniangalia kwa muda, akatoa simu yake, akawasha tochi, akaniangazia mikono. Hakuuliza chochote mpaka Kaliua.

"Una haraka nayo, mwanangu."

"Nina haraka nayo, mzee. Mwenye kichwa ameshafika."

Akasema "haya", akasogeza tochi karibu zaidi.

Kilele cha kofia ndipo panapotaka akili. Vitanzi 56 unavigawa mafungu manane ya saba. Unafuma vitano, unaviunganisha viwili, vitano, viwili, mpaka mwisho wa safu, vinabaki 48. Safu ya kurudi unafuma tu bila kupunguza. Kisha unafuma vinne na kuunganisha viwili, 40. Kisha 32, 24, 16. Kila mara fungu linapungua kimoja, na kitambaa kinaanza kujikunja chenyewe kama kinajua kinakokwenda. Vikibaki vinane unakata uzi, unaupitisha ndani ya vyote vinane, unavuta, na tundu linafumba.

Treni ilikuwa imesimama Nguruka nilipofumba lile tundu. Akina mama walikuwa nje na beseni za samaki, wanaita. Mzee alikuwa ameshalala, tochi bado inawaka mkononi mwake. Nikaizima, nisimalize chaji yake.

## Sweta la nini

Kasulu mwezi wa sita si mchezo. Ukitoka Kigoma mjini kwenye joto la ziwani ukapanda ile milima, unafika umejikunyata. Nilitembea mpaka wodini nimebana mfuko wangu kifuani, ndani mna kofia na vile vipande vitano, maana nilishaamua mwenyewe njiani: mtoto yupo, mama yuko mbali, nitaunga hapo hapo wodini, nusu siku inatosha.

Mdogo wangu alikuwa ameketi nusu ameegemea mito, amejifunga kitenge kifuani, na juu ya kitenge kilionekana kisogo kidogo. Nesi alipokea kofia, akaivuta kupima lastiki, akamvika. Ilimtosha. Ilibaki hata nafasi ya kidole.

Nikamwonyesha nesi na vipande. Nikamwambia kufikia jioni litakuwa sweta.

"Sweta la nini, dada? Sweta lake ni mama yake."

Akanieleza bila kupoteza muda, inaonekana ameshawaeleza wengi. Mtoto aliyewahi hana mafuta ya kutosha mwilini ya kujipasha moto, na kichwa chake ni kikubwa kwa mwili ule, joto linatorokea huko. Kwa hiyo anavikwa nepi, soksi na kofia basi, kisha anawekwa wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa kitenge juu. Kumvika sweta hapo ni kuweka ukuta kati yake na jiko. Wanaita njia ya kangaruu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, katika hospitali ambayo mashine za kutunzia watoto hazikutosha na watoto walilazwa zaidi ya mmoja ndani ya mashine moja.

Mama akichoka, baba anampokea. Nimemwona shemeji yangu, mwalimu mkali anayeogopwa na shule nzima, amefungua vifungo vya shati, amekaa kwenye kiti cha plastiki hatikisiki, na kofia ya njano chini ya kidevu chake.

Niliurudisha mfuko wa vipande chini ya kitanda. Nilikaa Kasulu wiki mbili nikifua, nikipika uji, nikipokea zamu ya kushika chupa ya chai. Vipande havikutoka mfukoni.

## Kilo

Sasa nije kwenye kilichokuwa kinanisumbua.

Sharti la mama lilikwisha siku mtoto alipozaliwa. "Usiunge kwanza" ilikuwa na mwisho wake, na mwisho ulifika. Mama mwenyewe niliporudi aliniuliza kama nimeshaunga, nikasema bado, nangoja afike kilo mbili. Akafika kilo mbili. Nikasema nangoja mbili na nusu, maana chini ya hapo bado anahesabika mdogo. Akafika mbili na nusu. Nikasema vipande vimechafuka safarini, nivioshe kwanza, nivichome pini vikauke vimenyooka, akriliki haipigwi pasi. Hapo ndipo mtoto wa jirani alipoingia.

Mtoto alikuwa anaongezeka kila wiki, na mimi kila wiki nilikuwa nasogeza mstari.

Nilikuwa nimejizoesha kusema ni heshima kwa mama. Kumbe mama alishaondoka zamani kwenye shauri hilo. Nilikuwa nimebaki peke yangu ndani ya mwiko, nimeufunga mlango kwa ndani.

Siku mbili baada ya zile pini nikampigia mdogo wangu. Sikupanga kumwuliza lolote. Tukaongea bei ya nepi, tukaongea mtoto anavyokoroma kama babu. Kisha akauliza mwenyewe.

"Dada, ile sweta imefikia wapi?"

"Imebaki kuunga."

Akacheka, lakini kidogo.

"Ilibaki kuunga tangu mwezi wa nne."

Nikanyamaza. Sikujua kwamba anajua. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na mama, kutomwambia kama kuna kinachofumwa. Akaniambia mama alilitaja sweta kwa bahati mbaya kwenye simu, kisha akajirekebisha haraka, "si sweta, vipande tu". Na tangu siku hiyo alijua tumefuma na hatujaunga, na alijua ni kwa nini.

"Sikuwalaumu," akasema. "Ila nyie wote mlikuwa mnangojea pembeni muone itakuwaje. Mimi pembeni pa kungojea sikuwa napo. Alikuwa ndani yangu, anacheza."

Mtoto akalia huko, akasema ngoja nimnyonyeshe, akakata.

Nimelikunja na kulikunjua hilo neno mara nyingi. Najitetea: mama alimzika mjukuu wa kwanza kwa mikono yake, ana haki ya kuogopa. Najitetea tena: kama ningeunga na yakatokea yale yale, nani angelibeba hilo sweta kutoka Kasulu? Ni hoja nzuri zote mbili. Lakini zote mbili zinanihusu mimi na mama. Yeye hamo.

Kama mwakani kuna mimba nyingine katika ukoo wetu, sijui nitafanyaje. Nadhani nitaficha nguo, kama kila mtu. Ila nadhani nitamwambia mwenye tumbo kwamba ipo, na kwamba ina shingo.

## Mshono

Nilianza kuunga Jumapili iliyopita, baada ya kutoka kanisani.

Mabega kwanza. Kisha nikavitoa vile vitanzi vya nyuma kwenye pini ya nepi, vilivyokaa humo miezi minne na kuacha alama ya kutu ndogo ambayo haikutoka hata kwa limau, nikaokota vingine pembezoni mwa shingo, nikafuma ukosi safu nane. Kisha mikono. Mwisho ubavu na kwapa, mshono mmoja mrefu kila upande.

Kuna mshono mama anaupenda, unaojificha. Unalaza vipande viwili uso juu, ukingo kwa ukingo. Kati ya kitanzi cha mwisho na kinachokifuata kuna kauzi kamelala kama ngazi. Unapitisha sindano chini ya ngazi moja ya upande huu, kisha ngazi moja ya upande wa pili, hivyo hivyo unapanda, uzi wako unaonekana wazi umezagaa kama kamba za viatu. Ukifika ngazi ya sita au ya saba unavuta taratibu. Pande mbili zinakuja zenyewe, zinakutana, na uzi haupo tena.

Kifua cha kushoto, kile nilichokirudia, bado kina safu moja pale juu iliyolegea. Mama ameiona. Hakusema.

Mtoto wa jirani alikuja kwenye vifungo. Akachagua yeye vitano vya kijani kutoka kwenye kopo, nami nikakubali, ingawa nilikuwa nimeweka vyeupe.

"Sasa imekuwa nguo," akasema.

Jana mdogo wangu alituma picha. Mtoto ana wiki kumi na gramu 3,600, yaani ndiyo kwanza amefikia kipimo cha daftari, na sweta litamkaa sawasawa likifika Kasulu wiki hii. Beseni bado liko juu ya kabati, hilo sijaliuliza.

Kofia haimwingii tena. Nimeanza nyingine leo asubuhi. Vitanzi 72.